Tabora hadi Gombe kwa nauli ya kawaida

Niliondoka Tabora mwezi Septemba, miombo imepukutika na vumbi limetanda mpaka juu ya miembe. Kwa safari hii Septemba ni mwezi mzuri: kabla hata tone la mvua halijaanguka, miombo huanza kuchipua majani mekundu, pori likabadilika rangi lote. Kabla ya kuuaga mji nilipitia Kwihara kwa bodaboda, kwenye tembe alikokaa Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi kutoka pwani. Nenda asubuhi, jua halijachoma. Patana nauli ya kwenda na kurudi pamoja na muda wa kukungoja, maana ukimwachia dereva aondoke, kupata pikipiki nyingine huko ni kazi.

Basi la Kigoma linawahi, lakini mimi napenda treni. Ikivuka Malagarasi mchana, utaona maji na mafunjo katikati ya nchi kavu. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi ndiyo ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000. Beba maji ya kunywa ya kutosha, kwa sababu treni ikichelewa huchelewa kweli.

Kigoma mjini, ufukwe wa Jakobsen kwa njia ya Katonga una kiingilio kidogo na maji maangavu. Wahi kabla upepo haujaamka.

Gombe, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika kaskazini mwa Kigoma, ndiyo inayotaka hesabu. Ni hifadhi ya taifa tangu 1968, na mtafiti Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe wake mwaka 1960. Barabara haifiki, ni boti tu. Boti za abiria huondoka Kibirizi, jirani na Kigoma mjini, mchana, zikiwarudisha watu vijijini kaskazini pamoja na magunia na madumu yao. Jumapili usizitegemee. Safari huchukua saa tatu hadi nne. Muulize nahodha kama atakushusha Kasekela, wanakoshukia wageni wa hifadhi, na mkubaliane nauli kabla hujapanda. Kaa katikati: mbele utaloa, nyuma utavuta moshi wa injini. Vitambulisho na simu vifunge kwenye mfuko wa plastiki. Boti isiyo na jaketi okozi iache iende.

Wanaobana matumizi hukwama hapa: unafika jioni, sokwe hufuatwa asubuhi, na boti ya kurudi hupita mapema, hata saa moja asubuhi. Ukilala usiku mmoja tu, utaondoka bila kumwona sokwe hata mmoja. Ukilala miwili, kumbuka kiingilio huhesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo utalipa tena. Piga hesabu ya kiingilio cha pili, malazi na chakula, kisha linganisha na boti ya kukodi mkigawana. Mkiwa wanne au watano, mara nyingi ya kukodi ndiyo nafuu, na mnajipangia saa ya kurudi. Malipo ya hifadhi si ya noti mkononi, kwa hiyo yamalize ukiwa mjini, kwenye mtandao na benki. Mtanzania asisahau kitambulisho, ndicho kinachompa bei ya mwananchi.

Njia za Gombe ni za mlima hasa. Wakati wa kiangazi majani makavu hulala juu ya changarawe na mguu huteleza, zaidi wakati wa kushuka. Vaa viatu vyenye meno. Sokwe nao hutembea mbali zaidi kuliko wakati wa mvua, kwa hiyo jiandae kupanda sana nyuma ya mwongozaji. Ukiwafikia, una saa moja, barakoa usoni, umbali wa mita 10. Mwenye mafua abaki chini, tena bila kubembelezwa: ugonjwa mdogo kwetu unaweza kumuua sokwe.

Nyani wa ufukweni ni habari nyingine. Usile nje, usiache mkate juu ya meza, na mlango wa chumba ufunge kwa komeo hata kama unakwenda kunawa tu.