Siku moja maishani mwangu: sambaza arobaini

Saa 11 alfajiri natoka Kadutu, mtaa wa Bukavu, Kongo, na ndoo ya barafu. Majirani wakisikia nasoma masta ya biolojia, huniletea karatasi za hospitali niwasomee. Mimi si daktari. Ninachosoma ni tumbo la sambaza, samaki mdogo wa Ziwa Kivu: amekula nini, kiasi gani.

Saa 12 niko ufukweni, wavuvi wa usiku wanarudi na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa kwa miti mirefu. Hapo saa nzima iliniponyoka. Mama muuzaji ananipenda, kwa hiyo anataka kunichagulia wanene. "Mwanangu, unasoma sana, kula vizuri." Mama, nataka wakubwa kwa wadogo, vile wavu ulivyowaleta. Ukinipa wanene tu, kazi yangu itasema ziwa zima lina wanene. Anawarudisha wadogo kwenye beseni, mimi nawatoa. Wateja nyuma yangu wakaanza kufoka. Mwishowe nikafumba macho, nikachota kwa bakuli. "Kumbe ni kupiga kura!" Ndiyo, mama. Ni kura.

Sambaza hakuzaliwa hapa. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, kwa kuwa Kivu haikuwa na samaki wa kula vile vijidudu vinavyoelea mbali na ufuko. Leo analisha nyumba nyingi za Bukavu. Lakini aina moja kubwa ya dafnia, kati ya vijidudu hivyo, iliyokuwa humu ilitoweka baada ya sambaza kuingia. Na chini ya mita 70 hivi hakuna oksijeni, ni maji yenye gesi nyingine. Chakula chote cha sambaza kiko kwenye tabaka hili la juu. Ndiyo maana nahesabu.

Saa 3, labo. Pima urefu, pima uzito, pasua, andika.

Samaki wa 14, umeme ukakatika. Mzani kimya, taa ya hadubini kimya, barafu inageuka maji. Tumbo la samaki huendelea kusaga hata mwenyewe akiwa amekufa, kwa hiyo kungoja ni kupoteza chakula ninachokitafuta. Nikavuta meza hadi dirishani. Matumbo 26, moja moja, kila moja na kichupa chake cha alkoholi na kikaratasi ndani. Kikaratasi huandikwa kwa penseli, wino ungeyeyuka. Mgongo ukawaka. Sijui ilikuwa saa ngapi nilipomaliza, sikuwa nimekula.

Tuna hadubini moja ya zamani yenye kioo cha kunasa jua. Wingu likipita, nakunja mikono nangoja. Jua likirudi, anaonekana kopepodi, kijidudu kingine cha ziwani, mkia umekatika, yai moja bado limemng'ang'ania ubavuni. Moja. Wingu tena.

Giza lilipoingia nilikuwa nimehesabu matumbo 17. Vidole vinanuka samaki hata baada ya sabuni mara tatu. 23 yaliyobaki yako kwenye alkoholi, hayataharibika.