Ramani ya maji iliyobaki kijijini

Nilipochaguliwa kuwa katibu wa chombo chetu cha watumia maji huku Uru, juu ya mji wa Moshi, nilikabidhiwa daftari la makusanyo, funguo za tenki na CD moja. Mtangulizi wangu alisema ndani ya CD hiyo kuna ramani ya vilula vyote vya kijiji, yaani vituo vya koki za kuchotea maji, iliyopimwa na mradi uliopita hapa miaka ya nyuma. Nilishuka nayo mjini. Mafundi wawili wa kompyuta wakanipa jibu moja: faili ni zima, ila programu iliyolitengeneza ni ya kulipia, na bila leseni halifunguki. Watu wetu walikuwa wametembea makorongoni na wale wapimaji, wakawaonyesha koki moja baada ya nyingine, na jasho lao limefungiwa humo. Iliniuma, na bado inaniuma.

Ndiyo maana nilianza kutafuta programu huria. Wengi wakisikia neno hilo wanaelewa kitu cha bure. Ubure wake ulitufaa, maana mfuko wetu unaishi kwa fedha za ndoo. Lakini nilikuwa na haja nyingine. Msimbo wa programu hizi uko wazi, na mafaili yake huandikwa kwa mtindo ambao programu nyingine pia zinausoma. Katibu atakayekuja baada yangu atayafungua hata kama mimi nimehama au nimezikwa.

Nilichukua tatu. KoboToolbox kwa dodoso, kwa sababu linajazwa kwenye simu bila mtandao na kutumwa baadaye ukipata bando. QGIS kwa kuchora ramani. Halafu OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoko mtandaoni ambayo watu huichora wenyewe, ili vilula vyetu vionekane na yeyote. Hiyo ya mwisho ilianzishwa na Steve Coast nchini Uingereza mwaka 2004, kwa kuwa ramani za huko, zilizotengenezwa na taasisi ya umma, ziliuzwa ghali kwa wananchi haohao. Niliposoma habari hiyo niliikumbuka CD yangu. Hata hapa nchini haikuwa jambo geni: kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar es Salaam kuchora mitaa yao inayofurika.

Kabla ya kupima chochote nilikwenda kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, nikaomba ajenda kwenye mkutano mkuu. Nawasihi wanaotaka kuiga wasiruke hatua hii. Mkutano mkuu ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na kinachoandikwa kwenye muhtasari wake kina nguvu kuliko barua yoyote ya kwangu. Mzee mmoja alisimama akaniuliza, "Mwanangu, hiyo simu itaandika na vihamba vyetu?"

Swali lile lilikuwa zito. Kihamba, shamba la ukoo lenye makazi, kwetu ni urithi, na mipaka yake imewahi kugombanisha ndugu wa tumbo moja. Nikamjibu, "Hapana, baba. Tutapima vilula, matenki, mabomba na mifongo. Hatutagusa mpaka wa mtu." Mifongo ni mifereji yetu ya asili. Jioni ile nilifuta kwenye dodoso swali la jina la mwenye nyumba. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini kwa kweli nililifuta kwa ajili ya mzee yule.

Upimaji ulitutesa. Chini ya migomba, mikahawa na miti mirefu, simu haizioni setilaiti vizuri, na ndani ya korongo ni shida zaidi. Siku ya kwanza vilula viwili viliruka vikaangukia ng'ambo ya mto. Tukajifunza kusimama na kusubiri. Simu huonyesha kosa lake kwa mita, nasi tulikataa kuhifadhi alama mpaka namba ishuke kufikia tano. Pale ilipogoma kushuka, tulitoka hadi njiani penye uwazi, tukapima hapo, tukahesabu hatua hadi kwenye koki na kusahihisha nyumbani. Vijana wanne, Jumamosi sita.

Nikaichapisha ramani mjini kwenye karatasi kubwa na kuibandika ukutani ofisi ya kijiji, kijani kwa kilula kinachofanya kazi, nyekundu kwa kibovu. Karibu yote ilikuwa kijani, na nilifurahi. Akaja bibi mmoja na ndoo yake, akaweka kidole kwenye alama ya kitongoji chao. "Mjukuu wangu, hiki umekipaka kijani. Njoo saa nane ya usiku, ndipo utayakuta maji."

Dodoso langu lilikuwa limeuliza kama kilula kinafanya kazi, ndiyo au hapana. Koki nzima inayotoa maji usiku wa manane ilikuwa inajibiwa ndiyo. Tukabadilisha swali: maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, na kuanzia saa ngapi? Tukavizungukia vilula vyote upya. Safari hii wekundu ulijipanga, wote chini ya maungio mamoja, mahali ambapo bomba jembamba linabeba nyumba za juu zilizozidi kuunganishwa mwaka hadi mwaka.

Mkutano uliofuata ulikuwa mgumu. Watu wa juu walidhani wanashtakiwa. Waliotutoa pale ni wazee wa mifongo, ambao tangu ujana wao wanagawa maji ya mfereji kwa zamu. Waliisogelea ramani, wakasema bomba nalo ligawiwe vivyo hivyo, na wakapanga wenyewe siku za juu na siku za chini. Ombi la bomba nene liliandikwa kwenye mpango wa kijiji, likapanda kata, sasa liko halmashauri pamoja na ramani yake. Bado tunasubiri, na mimi nafuatilia.

Mafaili yapo kwenye flashi tatu: ofisi ya kijiji, ofisi ya chombo na shule ya sekondari. Mwalimu wa shule aliyafungua bila kunipigia simu. Wiki iliyopita binti wa kidato cha tatu aliniletea kilula nisichokijua, kiko nyuma ya kanisa, amekipima mwenyewe. Kosa mita nne. Maji siku mbili kwa wiki, kuanzia saa kumi alfajiri.