Almasi iking'aa imekufa

Kila nikirudi nyumbani Kishapu, mjomba wangu ana swali moja. Haanzi nalo. Kwanza nimwamkie, aitikie, tuongelee mvua na bei ya dengu, aulize watoto wanasomaje huko Mwanza. Halafu anasogeza kigoda na kushusha sauti: "Sasa mjomba, miaka yote ile umeshika almasi, hata moja hukubakiza?"

Simlaumu. Sisi ni majirani wa mgodi wa almasi wa Mwadui. Kwetu almasi ni lile jiwe alilolitafuta Mkanada John Williamson mpaka akafika chanzo chake mwaka 1940. Ni ile ya pinki ya karati 54.5 iliyompendeza akampa Princess Elizabeth alipoolewa mwaka 1947. Ukimwambia mtu wa kwetu kwamba umefanya kazi na almasi miaka minne, anakuangalia viatu.

Mimi nilikuwa helpa, yaani msaidizi, kwenye mashine ya kuchoronga miamba, porini mkoani Geita, tukitafuta dhahabu. Almasi zenyewe zilikuwa kwenye biti, kile kichwa kinachokata mwamba.

Biti ya saizi tuliyoizoea, NQ, ukiishika ni kama bangili nene ya chuma, upana wa milimita 75 na ushee, tundu kubwa katikati. Chini ina meno ya kufungia. Juu kichwa kimekatwa vipande vipande kama magego, na kati ya gego na gego kuna mfereji wa maji kupita. Igeuze juani utafute almasi, huzioni. Utaona rangi ya kijivu iliyochanganyika na shaba, basi. Ukiazima lenzi ya mjiolojia ndipo unaona punje za manjano inayoelekea kijani, kila moja kama chembe ya sukari. Zimechanganywa na unga wa chuma zikaokwa pamoja, zimetapakaa ndani kote kama maharage kwenye makande: popote utakapochota utayakuta.

Biti hiyo inafungwa mwisho wa rodi, mabomba ya chuma yanayounganishwa moja baada ya jingine, inazungushwa karibu mara 1,000 kwa dakika, maji yakishuka ndani ya rodi na kurudi juu kwa nje na tope. Inakata mviringo tu. Mwamba unaobaki katikati unapanda ndani ya bomba kama mua, unene milimita 47.6. Hiyo ndiyo kori. Kila mita tatu tunatupa kamba ya waya, tunavuta bomba la ndani, tunamwaga kori kwenye trei, mjiolojia anailamba kwa macho. (Wengine wanailamba kwa ulimi kabisa. Jiwe likilowa linaonekana vizuri.)

Jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa ni hili. Biti zilikuwa na namba, na namba kubwa ilikuwa ya mwamba mgumu. Nikajiaminisha kwamba namba kubwa ina chuma kigumu zaidi. Wiki ya pili drila wangu, yaani mwendesha mashine, mzee mmoja wa Kipare asiyeachana na chupa yake ya chai ya tangawizi, akanituma nilete biti ya mwamba mgumu, nikamuuliza kama ndiyo yenye chuma kigumu kuliko zote.

"Ndiyo laini kuliko zote," akasema.

Nikadhani ananitania. Kumbe almasi inapokata nayo inachoka. Punje inakuwa butu, ncha zake zinalainika, inateleza juu ya jiwe badala ya kulikwangua. Sasa ni lazima ile punje iliyochoka idondoke, na chuma kilichoishikilia kiliwe kidogo, ili punje mpya iliyo chini yake ichungulie. Kinachokila chuma ni unga wa mwamba wenyewe. Mwamba laini wenye mchanga mchanga hutoa unga mwingi unaosugua kama msasa. Hapo unataka chuma kigumu, la sivyo biti inaisha kabla ya zamu kwisha na almasi nzima nzima zinabaki shimoni. Mwamba mgumu uliobana hutoa unga kiduchu tena laini, hauli chuma. Hapo unataka chuma dhaifu kinachokubali kulika. Biti nzuri ni ile inayochakaa kwa mwendo sawa na uchovu wa almasi zake.

Geita ni mahali pazuri pa kujifunza hilo kwa uchungu, maana dhahabu ya pale imekaa sana kwenye miamba ya chuma yenye mistari, nyekundu na nyeusi na kijivu, migumu kama deni. Siku moja tuliingia kwenye mistari hiyo na biti iliyokuwa ikienda vizuri juu kwenye mwamba wa kijani. Dakika 40, sentimita 9. Mashine inaunguruma, rodi zinazunguka bila kutetemeka hata kidogo, kama tunapiga deki. Mzee akaweka kiganja kwenye kabati la mashine, akasikiliza kwa mkono, akasema tu, "Imelala."

Alijaribu kuiamsha humo humo chini: akapunguza maji kidogo, akaongeza mzigo, jicho kwenye geji. Hiyo ni kazi ya drila, helpa usiiguse. Unaruhusu unga ujazane kidogo chini ya biti ukwangue chuma, ukisikia mashine imeanza kukaza unarudisha maji haraka. Haikukubali. Tukatoa rodi zote. Ilipofika juu akaifuta kwa kitambaa chake cha bluu, akanionyesha kwenye taa. Kichwa kilikuwa kinameta kama kijiko cha harusini. Mimi nikaona imependeza.

"Dogo," akasema, "ya pete iking'aa ni nzuri. Hii iking'aa imekufa."

Kisha akachukua kipande cha jiwe la kunolea lililovunjika, akaisugua taratibu, gego moja moja, mpaka ule mng'ao ukatoka na vidole vikaanza kukwaruzwa. Akanishika kidole akakipitisha juu yake. Kama ulimi wa paka.

Nitaeleza na aibu yangu, maana mjomba anaijua. Ilikuwa usiku, shimo lina mita 243, na kazi yangu zamu ile ilikuwa pampu na bwawa la maji. Bauza lilichelewa. Nilikuwa nimeegemea gogo, si kwamba nimelala, lakini sauti ya pampu ilibadilika na mimi nikaisikia kama sehemu ya ndoto. Ilikuwa inanyonya hewa. Niliposhtuka geji ya maji imelala sifuri, rodi zinagonga, mzee anazima mashine huku ananiita kwa jina la ukoo.

Almasi ni ngumu kuliko chochote, lakini moto haiuwezi. Ni kaboni, ndugu yake mkaa. Penye hewa, joto likipita nyuzi 700 hivi inaanza kuungua, na chuma kinachoishika hakisubiri hata hapo. Chini ya mita 243, biti ikizunguka bila maji, dakika chache zinatosha. Na kubadilisha biti maana yake ni kutoa kila rodi iliyoko ndani: za mita tatu tatu, kilo 23 moja, karibu 80. Tulizitoa mbili mbili mpaka kunapambazuka. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Biti ilitoka nyeusi yenye ubluu, mifereji ya maji imeziba kwa chuma kilichoyeyuka, kipande cha kori kimegandia katikati kama kizibo. Mzee akaiweka mkononi mwangu ikiwa bado na uvuguvugu. "Nenda nayo," akasema. Nikaenda nayo. Imekaa nyumbani kwangu miaka yote hii.

Sasa mjomba huwa anadhani almasi za biti zinatoka Mwadui. Zamani kweli zilichimbwa, ingawa nyingi hazikutoka kwetu bali Kongo, Kasai, mji unaoitwa leo Mbuji-Mayi na enzi za Wabelgiji Bakwanga. Zile chafu, za kijivu, zisizofaa pete, zilikwenda viwandani. Kabla ya hapo, miaka ya 1860, familia ya fundi saa Mswisi, Leschot, ilipotengeneza chorongo la almasi kwa ajili ya njia za reli kupita milimani, walitumia almasi nyeusi za Bahia, Brazil, zilizopachikwa moja moja kwa mkono. Halafu Desemba 1954, Marekani, Tracy Hall wa General Electric akatengeneza almasi kwenye mashine ya kushinikiza. (Kampuni ya ASEA ya Sweden ilikuwa imewahi mwaka 1953, ikanyamaza.) Siku hizi karibu zote za kukatia na kusagia hutengenezwa, nyingi zaidi China. Karati moja ya punje hizo haifiki dola moja. Ndiyo maana sikubakiza, mjomba.

Na jinsi zinavyotengenezwa kunanifurahisha kuliko yote. Unachukua grafaiti, ile ya penseli, unaiweka pamoja na chuma, nikeli au kobalti, unashinikiza kama mara 50,000 au 60,000 ya mgandamizo wa hewa tunayopumua, kwa joto la karibu nyuzi 1,400. Chuma kinayeyuka, kinaimeza kaboni, kisha kinaitapika ikiwa almasi. Kwa punje ndogo ni suala la dakika tu.

Hilo ndilo lililonisaidia kumwelewesha kijana wangu wa kazi. Maana niliacha porini, sasa nasaga terazo na kukata granaiti za jikoni hapa Mwanza, mjini ambako mawe si tatizo. Kijana alichukua diski ya almasi ya grenda, mpya, akakata nayo nondo. Nondo tano sita, siku moja. Jioni ananiambia diski ni feki. Nikamwambia diski si feki, umeimaliza mwenyewe. Almasi ikisugua chuma mpaka kikapata moto sana, kaboni yake inaingia kwenye chuma, inayeyukia humo. Kile kile kinachoizaa kiwandani ndicho kilichoila mkononi mwako. Nondo ina diski zake za mchanga, za bei ndogo.

Diski ya almasi ikilala kwenye granaiti, usiitupe. Tafuta tofali la saruji, lile lenye mchanga mwingi linalopukutika, likate mara tatu nne. Litakula chuma, punje mpya zitatoka. Duka moja lilitaka kuniuzia nyingine, tofali la bure likanitosha. Na zege changa usilikate kwa diski ya granaiti, utaimaliza kabla hujafika ukutani. Mchanga wake ni mkali. Na kata kwa maji, si kwa ajili ya diski peke yake. Ule unga mweupe unaingia mapafuni na hautoki.

Mwezi uliopita mjomba alikuja kwangu kutibiwa macho. Asubuhi nikamkuta sebuleni ameishika ile biti iliyoungua, anaizungusha. Nikamweleza tena: imekufa, imeungua, haina thamani hata ya kilo ya vyuma chakavu. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua chupa ya soda mezani, akaipitisha biti ubavuni mwake, pale kwenye ukingo ambako moto haukufika vizuri. Ikalia *kriii*. Mstari mweupe, mrefu, ulionyooka.

Akanitazama, hakusema kitu. Alipoondoka Jumapili nilimsindikiza mpaka stendi, nikambebea mkoba wake. Ulikuwa mzito kuliko alipokuja nao.