Nilivyopiga besi usiku wa Kind of Blue

Kiongozi wa bendi aliponipigia simu kwamba wana onyesho la kuienzi Kind of Blue, albamu ya jazi ya mpiga tarumbeta Miles Davis, nzima wimbo kwa wimbo, na mpiga besi wao amesafiri, nilikubali kabla hajamaliza. Nimekulia kwenye bendi za dansi Dar es Salaam, hotelini na kwenye kumbi za harusi. Hapa Toronto jazi nilikuwa naipiga kwa kubangaiza.

Nilianza mazoezi na santuri ya zamani. Besi nimeityuni vizuri, lakini upande wa kwanza sauti ya santuri iko juu ya yangu kidogo. Nikigeuza upande wa pili tunaelewana. Mpiga piano ndiye aliyenifungua macho: siku ya kwanza ya kurekodi, Machi 2, 1959, ndiyo iliyotoa nyimbo za upande wa kwanza, na mashine ilikuwa inazunguka taratibu kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo tepu ikichezwa kwa kasi ya kawaida sauti ya nyimbo inapanda. Walikuja kurekebisha kwenye toleo la 1992. Nikahamia toleo hilo, ubishi ukaisha.

Kazi yenyewe ilikuwa So What, wimbo wa kwanza. Pale besi ndiyo inayoimbisha, tarumbeta na saksofoni zinaitikia. Paul Chambers, mpiga besi wa albamu hiyo, alikuwa na miaka 23 tu alipoupiga ule mstari, na anaupiga kana kwamba hana haraka na mtu. Skeli, yaani ngazi za noti, ni mbili: ya D, kisha unapanda nusu hatua, kisha unarudi D. Ukiambiwa hivyo unaona mteremko. Ngoja solo zianze! Unakaa kwenye skeli moja muda mrefu, hakuna kodi mpya (chord, noti zinazopigwa pamoja) inayokuja kukushtua, na saksofoni ikishanoga hujui tena umefika wapi.

Kilichoniokoa ni shairi la shuleni. Nilikaa na ule wimbo nikagundua mzunguko mmoja ni beti nne, kila ubeti una mishororo minne, na ubeti wa tatu ndio unaopanda. Nikajitungia maneno ya ovyo ya Kiswahili, mambo ya kodi ya nyumba na theluji, nikawa nayaimba kimoyomoyo huku vidole vikitembea. Usiku wa onyesho mpiga drams aliona midomo yangu inacheza, akadhani nasali.

All Blues, wimbo wa nne, haikunipa shida. Besi inarudia kifungu kilekile zaidi ya dakika 11, na aliyezoea kukesha kwenye sebene hachoki na hilo. Kishawishi ni kupamba, nami nilijizuia, isipokuwa mwishoni kidogo.

Flamenco Sketches ndiyo yenye mtego. Skeli ni tano, ila anayepiga solo anakaa kwenye kila moja kadiri anavyotaka, na wewe huambiwi anahama lini. Mpiga saksofoni wetu wa alto, kabla ya kuhama, alikuwa anashusha bega la kushoto. Sikumwambia nimeligundua. Nililikodolea macho wimbo mzima, na tulihama pamoja kila mara.

Tulipokuwa tunafungasha vyombo akanijia mzee mmoja Mtanzania. Nikamwamkia.

“Marahaba. Mmepiga vizuri, mwanangu, ila mbona watu wote wamekaa?”

Nikamweleza kwamba muziki huu, hasa kwenye ukumbi kama ule, watu husikiliza.

“Sawa. Lakini ule wa nne, unaozunguka ule, ningepata wa kucheza naye ningeinuka.”