Maziwa ya Ndoo Tano

Kila nikisoma Shamba la Wanyama, riwaya ya George Orwell inayosimulia Mapinduzi ya Urusi kwa mafumbo, nakwama kwenye maziwa. Jones, mwenye shamba, ameshafukuzwa na wanyama wake, ng'ombe wamekamuliwa, ndoo tano zimejaa. Wanyama wakirudi jioni kutoka kuvuna majani, maziwa hayapo. Baadaye inajulikana: yanachanganywa kwenye chakula cha nguruwe. Wale mbwa wakali ambao nguruwe Napoleon atawatumia kuwatisha wenzake hata hawajazaliwa!

Orwell alimwandikia Dwight Macdonald, mwandishi wa Marekani, kwamba hapo ndipo hadithi inapogeuka, akataja Kronstadt, kituo cha jeshi la majini la Urusi. Mabaharia wa huko waliyapigania mapinduzi ya 1917. Machi 1921, walipodai uchaguzi huru wa mabaraza ya wafanyakazi (soviet), serikali ya Lenin iliwapelekea jeshi.

Mimi kinachoniuma zaidi ni Boxer, yule farasi. Hakuna nguruwe aliyemzidi nguvu. Lakini Squealer, nguruwe msemaji, alipowatisha wanyama kuwa Jones atarudi wakiwanyima nguruwe maziwa, Boxer naye alinyamaza.