Mkasi na leso

Leo nimekata leso, yaani kanga, ya gauni la mteja kwa mara ya kwanza bila kusimamiwa, na mkono ulitetemeka! Niliichagua mwenyewe Mtaa wa Biashara, hapa Mombasa. Jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake: "Wema hauozi". Kitambaa cha kawaida wakata popote, lakini leso ina pindo la kuizunguka, mji wa katikati na jina. Mkasi ukiteleza kidogo tu maneno yamekatika. Mama anayenifundisha ushonaji aliniambia niiloweke kwanza usiku kucha iteme wanga, maana ikirudi, yaani ikipungua, baada ya kushonwa, gauni limekwisha. Pindo nimelishusha likawa upindo wa chini. Jina limekaa mgongoni, zima, linasomeka kwa mbali. Mteja alipolivaa gauni alijigeuza kwenye kioo mara tatu, kimya, kisha akanikumbatia. Nimelia jamani.