Vipara viwili

Wiki hii tumehamia ofisi mpya, sendi-ofu ya Zuu imepita salama na Baba Mdogo ameruhusiwa kutoka hospitali, lakini kichwani mwangu limeganda neno la shemeji tu. Mnamjua shemeji akishashiba. Wageni walikuwa wameondoka, tumebaki mkekani na chai, vijana wanabishana kuhusu viungo wakorofi wa soka, nami nikamtaja Thomas Gravesen, yule kiungo wa Denmark.

"Yule kipara wa Everton?" akadakia. "Shemeji, Real Madrid walikosea mtu. Walimtaka kipara mwenzake palepale Everton, Carsley."

Mkeka mzima ukaangua kicheko. Nikamuuliza, "Shemeji, kwani ulimwona akicheza?"

"Nilichoona mimi ni vipara viwili."

Wakacheka tena, hata Mama Zuu.

Hiyo "vipara viwili" nimetembea nayo kwenye daladala, nimelala nayo. Inaniuma kwa sababu huyu Gravesen nimempenda tangu Kombe la Dunia la 2002. Denmark yake ilipotoka 1-1 na Senegal, sote tukiwa Wasenegali siku ile, nilimchukia kabisa. Kisha ikaja Juni 11, kule Incheon. Yeye na Stig Tøfting waliwasumbua Wafaransa katikati pale mpaka wakakosa pa kupumulia, Zidane mwenyewe yumo uwanjani na paja limefungwa bandeji. Denmark 2, Ufaransa 0. Mabingwa watetezi wakarudi kwao bila kufunga hata bao moja. Chuki yangu iliishia pale.

Usiku wa jana nilikaa kupanga majibu ya kumpa shemeji, na katikati ya kupanga hasira ikaniisha, ikabaki huzuni. Madrid walimchukua Januari 2005, mkataba wake unaelekea ukingoni, kwa bei ya kutupa. Walikuwa wanahangaika kuziba pengo la Makelele, kiungo mkabaji wao aliyeondoka 2003. Sasa, katika Everton ya msimu ule aliyekuwa anakaa mbele ya mabeki kukaba ni Carsley. Gravesen alikuwa huru mbele yake, anapanda, anapiga pasi ndefu, anavuruga mipango ya watu. Sura yake na zile rafu ndizo zilizofanya aonekane mlinzi wa geti. Kwa hiyo walimchukua kijana wa Vejle, kule Denmark, kutoka kwenye kazi aliyoiweza, wakamkabidhi ya mwenzake, na alipoyumba akageuzwa kichekesho. Hilo ndilo linaloniuma, na sidhani kama kuna mtu pale mkekani aliyewahi kuliwaza.

Kilichobaki kwenye kumbukumbu za watu ni zile picha akikunjana na Robinho, mwenzake wa Madrid, mazoezini. Alipohamia Celtic ya Scotland, 2006, aliwafunga mahasimu wao Rangers, akapiga mabao 3 peke yake dhidi ya St Mirren, na bado namba haikukaa. Akiwa na miaka 32 alikuwa ameshatundika daluga.

Shemeji anakuja Jumapili kufuata masufuria yake. Nitamweleza yote haya, na nitahakikisha wale vijana wapo.

Halafu kuna hili tanki la maji. Fundi kasema si bomba linalovuja, ni msingi wenyewe unatitia upande wa jikoni, na harusi ni mwezi ujao. Watu wote wale watalala hapa, na sijui tutawapa maji ya wapi.